Nyonga ya saruji au ya bila saruji: kwa nini mama mdogo na mpwa wangu hawakupewa jibu moja

Ndani ya mwaka mmoja ukoo wetu umepata nyonga mbili bandia. Ya kwanza ni ya mama mdogo, miaka 78, aliyeteleza bafuni kwake Tanga akavunjika shingo ya fupa la paja. Ya pili ni ya mpwa wangu wa Mwanza, miaka 29, mwenye selimundu, ambaye kichwa cha fupa lake la paja kilikufa kidogo kidogo kwa kukosa damu mpaka akawa hawezi kupanda daladala bila kushikwa mkono. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu huanza pale ya daktari wa upasuaji inapoishia, kwa hiyo simu za familia ziliishia kwangu, na mara zote mbili swali lilikuwa moja: tuchague ya simenti au ya bila simenti?

Mama mdogo akawekewa ya saruji, mpwa akawekewa ya bila saruji. Kaka yangu wa Muscat, mtoto wa kwanza wa mama mdogo, ambaye ndiye aliyetuma sehemu kubwa ya fedha, alipiga simu amekasirika. "Kijana mmempa ya kisasa, mama yangu mmempa ya zamani?" Nilimwelewa. Yeye alikuwa ameambiwa, kama wanavyoambiwa wengi, kwamba bila saruji ndiyo teknolojia mpya na anayependa mzazi wake hulipa tofauti. Nilimjibu kwa simu kwa muda mrefu. Haya ndiyo niliyomwambia, nikiongeza yale ambayo salio halikutosha.

Mwashi na seremala

Nyonga bandia kamili ina shina linaloingia ndani ya fupa la paja, kichwa cha mviringo kinachokaa juu ya shina, kikombe kinachopachikwa kwenye mfupa wa fupanyonga, na bitana ndani ya kikombe ambamo kichwa huzunguka. Saruji inahusu jambo moja tu: shina na kikombe vinashikwaje na mfupa.

Saruji yenyewe haina uhusiano na ile ya kujengea nyumba. Ni akriliki, jamii ile ile wanayotumia mafundi wa meno ya bandia. Unga unachanganywa na kimiminika, unakuwa uji, unakaza kama ugali, na baada ya dakika kumi na kitu umekuwa jiwe. John Charnley, daktari Mwingereza wa hospitali ya Wrightington aliyeieneza kwenye nyonga, alisisitiza kwamba haifanyi kazi ya gundi. Inajaza nafasi kati ya chuma na mfupa, kama anavyofanya mwashi anaposimamisha nguzo ya geti: shimo linaweza kuwa na umbo lolote, zege litalijaza. Ikishakauka, imekauka. Mgonjwa anatoka chumba cha upasuaji na shina lililokwisha kushika.

Bila saruji ni kazi ya seremala. Daktari anachonga mfereji wa uboho kwa tupa, akianza na ndogo na kupanda saizi moja moja, kisha anagonga ndani shina la titaniamu lililo nene kidogo kuliko tundu lenyewe. Uso wa shina umekwaruzwa au una vitundu vidogo, na mashina mengi hupakwa haidroksiapatiti, madini yanayofanana na yale ya mfupa wenyewe. Wiki za kwanza shina linashikwa na mkazo tu, kama kabari kwenye gogo. Halafu mfupa unaanza kuota na kuingia kwenye vile vitundu, na kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili mshiko wa kweli unapatikana. Mfupa ukikubali, mshiko huo ni hai, unajijenga upya mwaka hadi mwaka, jambo ambalo saruji haiwezi.

Sasa chukua kabari igonge kwenye gogo bichi lenye nyuzi imara, itashika. Igonge kwenye gogo kavu la miaka mingi uone litakavyopasuka. Huko ndiko maamuzi mengi ya nyonga yanakotoka.

Sifa mbaya ambayo saruji haikustahili

Charnley alianza kwa vikombe vya Teflon. Karibu wagonjwa 300 waliwekewa, na ndani ya miaka michache plastiki ile ikalika vibaya, ikabidi warudiwe upasuaji. Novemba 1962 akahamia polithini ngumu, na mtindo ule wa shina la chuma, kikombe cha plastiki na saruji ukasambaa dunia nzima.

Miaka ya 1970 na 1980 madaktari wakaona kwenye picha za eksirei mfupa unaoyeyuka kuzunguka saruji. Wakaiita "ugonjwa wa saruji", na viwanda vikakimbilia mashina yasiyoihitaji. Baadaye mfupa ukaonekana kuyeyuka vile vile kuzunguka mashina ya bila saruji. Mkosaji alikuwa vumbi la plastiki linalotoka kwenye kikombe kila hatua: mwili unalishambulia vumbi hilo na katika vita hivyo unakula mfupa wake. Plastiki iliboreshwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na tatizo likapungua sana, lakini jina baya la saruji lilikwishaota mizizi. Nasikia mwangwi wake mpaka leo, na naamini ndio uliomfikia kaka yangu Muscat.

Umri wa vifaa vyenyewe haumsaidii mtu kuchagua. Shina la saruji la Exeter lilianza Uingereza mwaka 1970. Shina la bila saruji la Corail lilianza Ufaransa mwaka 1986. Yote mawili bado yanawekwa leo, na yote yana rekodi ndefu nzuri. Marekani zaidi ya asilimia 90 ya mashina ya wagonjwa wa kupangiwa tarehe ni ya bila saruji. Sweden walishikilia saruji kwa miongo mingi na matokeo yao yakawa ya kuigwa. Nchi tajiri mbili, desturi mbili.

Mfupa wa mama mdogo

Mama mdogo hakuwa na ugonjwa wa nyonga. Alivunjika. Kwa mtu wa umri wake aliyevunjika shingo ya fupa la paja, mara nyingi hubadilishwa upande wa kichwa tu na kikombe chake cha asili kinaachwa, ndicho alichofanyiwa. Swali la saruji likabaki kwenye shina peke yake.

Ukiangalia picha ya paja lake, mfereji wa uboho ulikuwa mpana kama bomba na kuta zake nyembamba. Mwanamke aliyepita ukomo wa hedhi miaka mingi hupoteza madini ya mfupa hivyo, bila dalili yoyote, mpaka siku anapoanguka. Kugonga kabari ndani ya bomba la namna hiyo kuna hatari mbili. Linaweza kupasuka pale pale mezani, au likaonekana zima na kupasuka wiki chache baadaye mgonjwa anapojikwaa au kukaa kwa kishindo. Mpasuko huo ni balaa. Unamrudisha mzee chumba cha upasuaji kwa operesheni kubwa kuliko ya kwanza, akiwa na damu kidogo na nguvu kidogo.

Na hapa hatuhitaji kukisia. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliowagawa kwa bahati nasibu watu 1,225 wa miaka 60 na zaidi waliovunjika nyonga, nusu wakawekewa shina la saruji na nusu la kisasa la bila saruji. Baada ya miezi minne waliowekewa saruji walikuwa na hali bora ya maisha kwa vipimo vya watafiti. Waliopasuka mfupa kuzunguka kifaa walikuwa asilimia 0.5 kwenye saruji na asilimia 2.1 kwenye bila saruji, yaani mara nne. Waliofariki ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 23.9 upande wa saruji na 27.8 upande wa pili. Tofauti hiyo inaweza kuwa ya bahati, lakini hakuna namna ya kuisoma ikasema saruji inaua zaidi. Mwongozo wa kitaifa wa matibabu wa Uingereza unataka saruji kwa wagonjwa wa aina hii wanaobadilishiwa nyonga. Sijaona hoja nzito ya kuupinga.

Sajili za viungo bandia, yaani madaftari ya taifa yanayofuatilia viungo vilivyowekwa, zinasema hivyo hivyo hata kwa wazee wasiovunjika, waliobadilishiwa nyonga kwa sababu imelika. Sweden walianza sajili yao ya nyonga mwaka 1979, Norway 1987, Uingereza 2003. Ukipita miaka 70 au 75, hasa kwa wanawake, mashina ya bila saruji hurudiwa zaidi katika miezi ya mwanzo, na sababu kubwa ni kupasuka kwa mfupa. Mashina yenye kola, ule ukingo unaokaa juu ya mfupa uliokatwa, yamepunguza tatizo. Daktari akikuambia mzee wako lazima apate ya bila saruji, uliza kama lina kola.

Saruji nayo ina saa yake ya hatari, na ni haki familia ijue. Inapokandamizwa ndani ya mfereji, mafuta ya uboho na chembechembe vinaweza kusukumwa kwenye mishipa ya damu na kufika mapafuni. Shinikizo la damu linashuka ghafla, hewa inapungua, na mara chache sana moyo unasimama. Wenye moyo uliochoka, mapafu mabovu au saratani iliyofika kwenye mifupa ndio wenye hatari kubwa. Timu nzuri inajua la kufanya: mfereji unasafishwa kwa maji ya shinikizo na kukaushwa, daktari wa upasuaji anamtangazia wa usingizi kwamba saruji inaingia, shinikizo linashikiliwa kabla halijashuka. Niliuliza swali hili kwa ajili ya mama mdogo, "Daktari, mnajipangaje saruji inapoingia?", na nilijibiwa kwa utulivu na kwa undani. Majibu ya namna hiyo yalinipa imani kuliko brosha yoyote.

Siku ya pili alisimama kwa fremu na kukanyaga kwa uzito wake wote. Kwa mzee, kitanda ni adui. Kila siku anayolala inakaribisha nimonia, vidonda vya mgongo na damu kuganda miguuni.

Mfupa wa mpwa

Mpwa ni kisa kingine kabisa. Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 wa selimundu kila mwaka, ni miongoni mwa nchi zenye wengi zaidi duniani, na Kanda ya Ziwa imebeba mzigo mkubwa. Zamani wengi hawakufika ukubwani. Leo wanafika, na wanafika na nyonga zilizokufa. Seli zilizojikunja mundu huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha fupa la paja, kichwa kinakufa, kinabonyea, na kijana wa miaka 25 anatembea kama mzee wa 80. Kwa hiyo ukisikia Ulaya wanasema mgonjwa wa kawaida wa nyonga ni mtu wa miaka karibu 70 mwenye nyonga iliyolika, jua kwetu sura ya wodi ni nyingine. Malawi, majirani zetu waliothubutu kuanzisha sajili ya taifa ya viungo bandia mwaka 2005, waligundua kwamba kufa kwa kichwa cha fupa kulikuwa sababu inayoongoza ya kubadilisha nyonga.

Kwa nini hatukumwekea saruji? Kwanza, mfupa wa selimundu una makovu ya ndani. Sehemu zilizokufa zimegeuka ngumu kama jiwe, mfereji umebana, mahali pengine umezibwa. Saruji hushika kwa kupenya kwenye vijitundu vya mfupa laini wa ndani. Kwenye ukuta mgumu unaoteleza kama kigae haina pa kupenya. Taarifa za zamani za nyonga za saruji kwa wagonjwa hawa zilijaa kulegea mapema. Mashina na vikombe vya bila saruji vimefanya vizuri zaidi. Pili ni umri. Kijana wa 29 ana miaka 40 au zaidi ya kutembea, na mfupa wake, licha ya makovu, una uwezo wa kuota ndani ya titaniamu. Kwa vijana wenye mfupa hai, mashina ya bila saruji yamekuwa yakidumu zaidi ya miaka 20 bila kulegea.

Haimaanishi ilikuwa rahisi. Kuchonga mfereji uliobana kuna hatari ya kutoboa au kupasua fupa, na daktari wake alitumia eksirei ya mezani kila hatua. Kabla ya upasuaji aliongezewa damu, alipewa maji ya kutosha, na chumbani walimhifadhi na joto, kwa sababu baridi na kiu huamsha seli mundu. Wagonjwa hawa hupata maambukizi kwa urahisi pia. Ningemwambia mzazi yeyote wa mtoto wa selimundu: tafuta hospitali yenye bingwa wa damu na bingwa wa mifupa wanaozungumza wao kwa wao, kabla hujaanza kuuliza chapa ya shina.

Na kwa kijana, kuna swali zito kuliko saruji: bitana. Shina likishashika, kinacholika ni kichwa dhidi ya bitana. Plastiki ya kisasa iliyoimarishwa kwa mionzi, pamoja na kichwa cha chuma au cha kauri, hulika polepole mno kuliko ile ya zamani. Nimeona familia zikibishana wiki nzima kuhusu saruji, bila kuuliza hata mara moja bitana ni ya nini.

Mpwa alitembelea magongo mawili kwa wiki sita, akikanyaga nusu ya uzito. Siku hizi madaktari wengi huwaruhusu wa bila saruji kukanyaga kikamilifu tangu mwanzo ikiwa shina limebana vizuri. Wake alitaka tahadhari kwa sababu ya ule mfupa, nami nikamuunga mkono. Miezi ya mwanzo alilalamika, "Mjomba, paja linauma katikati ninapoinuka." Maumivu hayo ya paja huwapata zaidi wa bila saruji. Kwa wengi hupungua mfupa unapozoea, na yake yalipungua. Yakizidi badala ya kupungua, piga picha, huenda shina linazama.

Yale ambayo hayatofautiani

Baada ya mwaka, ukimchukua mtu wa saruji na wa bila saruji, wote wamepona vizuri, ukawatembeza mbele yangu, siwezi kusema nani ni nani. Maumivu ya zamani yameondoka kwa wote. Kuteguka kunategemea zaidi mkao wa kikombe, upande daktari alioingilia na namna mgonjwa anavyokaa. Choo cha kuchuchumaa na kusujudu ni maswali ya kumuuliza daktari aliyekupasua, kwa sababu yeye ndiye aliyeona nyonga yako inatelezea pembe gani. Kwa wiki za kwanza kiti cha juu chooni na kuswali umekaa kitini ni salama kwa wote.

Kudumu kwa jumla: uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 uliojumuisha sajili za nchi kadhaa ulikuta takriban asilimia 58 ya nyonga bandia zinafika miaka 25. Hizo ni nyonga zilizowekwa zamani, kwa plastiki ya zamani.

Bei, na siku ya kurudiwa

Vipande vya bila saruji kwa kawaida ni ghali zaidi. Saruji ina gharama zake za pakiti, vifaa vya kuchanganyia na dakika za ziada za chumba, lakini mara nyingi jumla bado huwa chini. Omba mchanganuo wa bei kipande kwa kipande. Mzee wa miaka 78 kulipa zaidi apate hatari kubwa zaidi ya kupasuka fupa ni jambo linaloniuma kila ninapoliona, na nimeliona.

Saruji inaweza pia kubeba antibaiotiki kama gentamisini na kuitoa taratibu pale pale mfupani. Faida hiyo shina la bila saruji halina.

Watu husema saruji ni mateso kuitoa siku ya kurudiwa. Kuikwangua yote, ndiyo, ni kazi ngumu. Lakini shina la saruji lenye uso wa kuteleza kama la Exeter huchomoka kutoka kwenye vazi lake, na ikiwa vazi hilo bado limeshika, jipya linaweza kuwekewa saruji ndani ya saruji. Shina la titaniamu lililoshikwa na mfupa vizuri nalo halitoki kwa kuombwa. Wakati mwingine fupa hupasuliwa kwa makusudi kama dirisha ili litolewe.

Njia ya katikati

Si lazima vyote viwe vya aina moja. Kuna nyonga mseto: kikombe cha bila saruji, mara nyingi na skrubu, pamoja na shina la saruji. Vikombe vya bila saruji vinashika vizuri hata kwa watu wenye umri, na shina la saruji linalinda paja lisipasuke. Uingereza mseto huu umeongezeka mno miaka ya karibuni. Kwa mtu wa miaka 65 hadi 75 mwenye nyonga iliyolika na mfupa wa wastani, ningeuliza habari zake kwanza kabla ya aina nyingine yoyote. Kwa wa miaka 60 mwenye kuta nene za mfupa, yoyote kati ya tatu ni sawa, na hapo ningemfuata daktari: achague ile ambayo mikono yake imeizoea. Daktari anayeweka saruji mara mbili kwa mwaka hataweka ya mama yangu, na anayegonga mashina mara mbili kwa mwaka hatagonga la mpwa wangu.

Kaka yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Hizo saizi na majina ya vifaa vyao, mmeviandika wapi?" Swali zuri kuliko langu lote. Kila kipande kinakuja na stika yenye jina, saizi na namba ya toleo. Hospitali hubandika stika moja kwenye faili. Wewe omba ya pili. Wanaotibiwa India wakarudi nyumbani bila stika humpa taabu daktari atakayewarudia miaka 15 baadaye, maana hajui aagize kichwa cha saizi gani. Za mama mdogo zimo kwenye bahasha pamoja na cheti chake cha ndoa. Za mpwa zimebandikwa ndani ya jalada la daftari lake la kliniki ya selimundu, na picha yake ya eksirei ya mwaka wa kwanza ni mwezi ujao.